Kukopa kwa ajili ya nyumba Lubumbashi: banki, koperative, mkopeshaji wa mtaani au likelemba (mchango wa kupokezana)?

Mtu wa Lubumbashi akiamua kumaliza nyumba yake, swali la kwanza analouliza ni riba. Banki wanaomba ngapi, koperative ngapi, yule tajiri wa soko la Kenya, komini ya hapa hapa mjini, ngapi. Kwangu mimi swali hilo linakuja mapema mno. Yako mawili ya kulitangulia, na majibu yake yote mawili yako kwenye sheria za serikali: ni karatasi gani inayosema parseli (kiwanja) ni yako, na ni nani anayemsimamia huyo anayekukopesha. Hayo ndiyo yanayoamua kama utapewa au hutapewa, kwa muda gani, na itakuwaje mwezi ule mshahara ukichelewa. Riba inafuata nyuma.

Karatasi kwanza

Sheria ya ardhi ya Kongo, ile ya tarehe 20 Julai 1973, inasema udongo ni mali ya serikali peke yake. Raia hapewi udongo, anapewa haki ya kuutumia: konsesio ya kudumu kwa Mkongomani, au konsesio ya kawaida yenye muda, mara nyingi miaka 25 inayoweza kuongezwa. Na haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu, ile inayoandikwa juu yake certificat d'enregistrement, ambayo sisi sote tunaiita sertifika. Inatolewa na konservatere wa hati, yaani afisa wa serikali anayetunza daftari la ardhi. Ikishapita miaka miwili tangu itolewe, mtu mwingine akija kudai kwamba parseli ilikuwa yake anaweza kulipwa fidia, lakini parseli hairudi kwake.

Sasa tazama watu wanacho nini mkononi. Kasungami, Kalebuka, Luwowoshi na kwingine ambako mji unaendelea kukua, wengi wana hati ya kuuziana iliyosainiwa mbele ya mashahidi, pamoja na fishi (karatasi ya kumbukumbu) ya parseli kutoka komini au kwa chefu wa kartie. Wengine wamefika kwenye kontra ya location, ambayo serikali inatoa kwa muda usiozidi miaka mitatu ili mtu ajenge kwanza kabla ya kupewa konsesio. Karatasi hizi zina uzito wake. Jirani anaziheshimu, na mahakamani zinasaidia kueleza historia ya parseli. Lakini ipoteke, yaani rehani ya nyumba, haiwezi kukaa juu yake. Ndiyo maana majirani wawili wanaopakana ukuta, nyumba zote mbili za matofali ya kuchoma, zote mbili zina mabati mapya, mmoja anafunguliwa dosie na banki na mwingine anaambiwa arudi akiwa na sertifika. Banki haikutazama nyumba. Ilitazama kama kuna haki inayoweza kuandikwa na kuuzwa kwa mnada.

Ukiishika sertifika mkononi, usiishie kwenye jina na namba ya kadastre (ofisi ya kupima ardhi). Soma mpaka sehemu ya maandikisho. Ipoteke ikiwekwa inaandikwa humo, na inaandikwa pia katika kitabu cha konservatere. Anayenunua parseli bila kwenda kuomba kitabu hicho kifunguliwe anaweza kununua deni la mtu mwingine.

Kuna jambo lingine ambalo watu wanalipuuza mpaka notere, yule anayethibitisha hati, anapowarudisha nyumbani: ndoa. Kanuni ya Familia inadai mume na mke wote wawili wakubali kabla ya nyumba yao ya pamoja kuuzwa au kuwekewa ipoteke. Na tangu sheria ya Julai 2016 iliporekebisha kanuni hiyo, mke haombi tena ruhusa ya mume kama masharti ya kufanya tendo la kisheria. Wote wawili wanatakiwa kuelewana. Mama anayeuza mchele soko la Mzee Kabila akiambiwa dirishani kwa banki «lete kwanza barua ya mzee», ana haki ya kuuliza inatoka katika kifungu gani.

Banki: muda mfupi kuliko unavyotumaini, ulinzi mkubwa kuliko unavyodhani

Rawbank, Equity BCDC, TMB (hii ya mwisho ilizaliwa hapa hapa Lubumbashi mwaka 2004) na nyingine zote ziko chini ya Banki Kuu ya Kongo, kwa sheria ya tarehe 27 Desemba 2022 inayohusu taasisi za mikopo. Zinadaiwa mtaji mkubwa, zinachunguzwa, zinaripoti mikopo yao. Kwa mkopaji hiyo inaonekana kama karatasi nyingi na maswali mengi. Lakini usimamizi huo huo unakulinda pia: ni vigumu zaidi mtu wa banki kukubadilishia masharti njiani.

Watu wananiuliza: kwa nini Amerika mtu anakopa nyumba kwa miaka 30, na hapa kwetu banki inazungumza miaka mitatu, mitano, ukibahatika kidogo zaidi? Jibu haliko kwenye roho mbaya ya banki. Karibu tisa ya kumi ya amana zilizo katika banki za Kongo ni dola, na nyingi ni pesa ambazo mwenyewe anaweza kuzichukua kesho asubuhi. Banki Kuu inachapa faranga, haichapi dola. Siku wateja wakija wote pamoja, hakuna wa kuzikopesha banki dola za haraka. Basi banki inalazimika kukaa na dola nyingi mkononi, na pesa ya kesho asubuhi haiwezi kukopeshwa kwa miaka 20. Marekani serikali yenyewe iliingia: mwaka 1938 iliunda Fannie Mae ili inunue mikopo ya nyumba kutoka kwa banki, banki ipate pesa ya kukopesha mtu mwingine. Huko ndiko ilikotoka ile miaka 30. Na huko huko, wakopeshaji walipoachwa kugawa mikopo bila kuhakiki mapato ya mkopaji, mambo yakaharibika: Septemba 2008 serikali ilibidi iichukue Fannie Mae chini ya usimamizi wake, na kwa sheria ya mwaka 2010 ikalazimisha wakopeshaji kuhakikisha kwanza kama mtu ana uwezo wa kulipa. Sharti hilo lilianza kutumika Januari 2014. Kwa hiyo afisa wa banki anapokuomba karatasi za mshahara za miezi kadhaa, usione ni dharau. Nchi nyingine zililipa gharama kubwa kwa kutoziomba.

Kuhusu kunyang'anywa nyumba, hofu ni kubwa kuliko sheria inavyosema. Kongo iliingia rasmi katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja ya biashara, tarehe 12 Septemba 2012, na tangu hapo ipoteke na mnada vinafuata sheria za OHADA. Banki haiwezi kutuma walinzi na lori. Inapaswa kutoa amri ya kulipa, kuandika daftari la masharti ya mauzo, kupita mahakamani, na nyumba iuzwe hadharani. Bei ikizidi deni na gharama, kinachobaki ni chako. Njia hiyo ni ndefu na ina gharama, na banki inajua. Hapo ndipo kwenye nafasi yako ya kuzungumza: anayekwenda mwenyewe kueleza kabla ya kuchelewa mara ya pili anapata ratiba mpya kwa urahisi kuliko anayezima simu.

Urefu huo una upande wake mwingine. Kwa kuwa kuuza nyumba ya mtu ni kazi, banki nyingi zinapenda zaidi mshahara unaopitia kwao kila mwezi. Mfanyakazi wa kampuni ya madini mwenye kontra ya kudumu anakopeshwa kwa mshahara, sertifika anaiacha nyumbani. Kama kiasi unachotaka ni kidogo na mshahara unatosha, mimi ningechagua hivyo. Kuandikisha ipoteke kuna gharama ya notere na ya konservatere, na gharama hizo ni za kwako.

Koperative na mikrofinansi

Koperative za akiba na mikopo zina sheria yake ya tarehe 2 Februari 2002, na mikrofinansi ina yake ya tarehe 15 Septemba 2011. Zote zinahitaji kibali cha Banki Kuu. Neno hilo, kibali, ndilo la kuanza nalo. Waliokuwa watu wazima wakati wa Zaire wanakumbuka Bindo ya mwaka 1991, jinsi watu walivyopeleka akiba yao kwa ahadi ya faida ya haraka na nyumba zikalia. Kila anayekuambia weka kwanza, mkopo utakuja, mwombe namba ya kibali, kisha ukaiulizie Banki Kuu.

Ikiwa kibali kipo, hapa ndipo penye mlango wa mtu asiye na sertifika. Koperative inamtazama mwanamemba kwa akiba yake, kwa wadhamini wake, kwa biashara anayoifanya. Fishi ya komini inakubaliwa kama ushahidi kwamba huyu ana makazi, hawezi kuhama usiku. Kiasi ni kidogo, muda mara nyingi hauvuki mwaka mmoja au miwili, na riba ni kubwa kuliko ya banki. Sababu yake inaeleweka: kumtembelea mama mmoja wa dola 500 kunachukua muda ule ule wa kumtembelea mwenye duka wa dola 20,000.

Lakini hapa lazima ufungue macho kwenye hesabu. Chukua mfano wa dola 6,000 kwa miezi 24. Taasisi mbili zote zinakuambia «asilimia moja na nusu kwa mwezi». Ya kwanza inahesabu riba juu ya deni lililobaki: utalipa karibu dola 300 kwa mwezi, na mwisho wa yote riba itakuwa kama dola 1,190. Ya pili inahesabu juu ya 6,000 za mwanzo kila mwezi, hata ule mwezi umebakiza dola mia tatu: utalipa 340 kwa mwezi, na riba itafika 2,160. Asilimia ni ile ile mdomoni, tofauti ni karibu dola elfu moja, ambayo Lubumbashi ni mabati, misumari na mlango wa chuma. Usiulize «riba ngapi». Uliza riba inahesabiwa juu ya nini, kisha omba jedwali la malipo mwezi kwa mwezi, na uongeze gharama za dosie, za bima na ile akiba wanayokushikia. Asiyekubali kukupa jedwali kabla ya kusaini, ondoka.

Faranga au dola

Hili ni la wote, banki na koperative. Banki Kuu ilipandisha riba yake kuu hadi asilimia 25 Agosti 2023, na Oktoba 2025 ikaishusha hadi 17.5. Watu walishangaa kwamba mikopo yao haikutikisika. Ni kwamba riba hiyo inaongoza faranga. Mkopo wa dola hauifuati. Kwa nguvu yake kubwa zaidi, Banki Kuu inafikia sehemu ndogo tu ya mikopo yetu.

Kanuni yangu ni moja: kopa katika pesa unayolipwa. Mwalimu wa serikali analipwa faranga. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kidogo juu ya faranga 2,000. Mwisho wa mwaka ule ilikuwa imevuka 2,600. Malipo ya dola 300 kwa mwezi yalitoka kwenye faranga 600,000 na kitu hadi zaidi ya 780,000, na mshahara haukusogea hivyo. Mwaka 2025 faranga ilipanda thamani, na waliokuwa na deni la dola wakapumua. Hakuna anayeweza kukuahidi mwaka ujao utakuwa wa aina gani. Mwenye duka linalouza kwa dola, sawa, akope dola.

Mkopeshaji wa mtaani

Wanaiita banki Lambert, na hakuna mfanyakazi wa serikali asiyeijua. Unapata pesa leo, bila dosie, na mwezi ukiisha unarudisha na nyongeza ambayo hakuna banki ingethubutu kuiandika. Kwa ugonjwa wa usiku siwezi kumlaumu mtu. Kwa nyumba, hapana.

Nieleze ni kwa nini kwa makini, maana hapa ndipo familia zinapopotelea. Mkopeshaji huyu haombi ipoteke. Anaomba uandike hati ya kuuza parseli, usaini wewe na mkeo au mumeo, tarehe iachwe wazi. «Ni kwa usalama tu, ndugu yangu, ukilipa tunaichana.» Ukichelewa, anaijaza tarehe. Kuanzia hapo si mkopeshaji tena, ni mnunuzi. Sheria ya OHADA ya dhamana, ya Desemba 2010, inakataza mapatano ya namna hiyo kwa nyumba ya kuishi: kukubaliana mapema kwamba mkopeshaji atakuwa mwenye nyumba kunaruhusiwa kwa kampuni au mfanyabiashara aliyeandikishwa, na jengo lisiwe la kuishi. Ndiyo maana analificha ndani ya mauzo. Mahakamani utalazimika kuthibitisha kwamba ulikopa, hukuuza, na karatasi pekee iliyopo inasema uliuza. Kama tayari umesaini kitu kama hicho, tafuta sasa hivi kila ushahidi wa mkopo: ujumbe wa simu, malipo ya mobile money, mashahidi. Usisubiri tarehe ijazwe.

Likelemba, na pesa ya garanti

Nyumba nyingi za Katuba na za Ruashi zimeinuka kwa likelemba na kwa kununua matofali kidogo kidogo. Hakuna riba, hakuna serikali ndani yake, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna pa kushtaki kirahisi aliyepokea wa kwanza akatoweka. Kwa kikundi cha watu wanaojuana kazini, ni nzuri kwa mabati au kwa msingi. Kwa kununua parseli, muda wake ni mrefu mno, bei zinakimbia.

Kuna mkopo mwingine ambao watu hawauiti mkopo: garanti. Mpangaji anampa mwenye nyumba miezi kadhaa mbele, na mwenye nyumba anaitumia kumalizia chumba cha nyuma. Hiyo ni pesa aliyokopeshwa bila riba na mtu maskini kuliko yeye. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu kupangisha nyumba imeweka kikomo: kwa nyumba ya kuishi garanti isizidi kodi ya miezi mitatu. Mjini tunaona ikiombwa zaidi, pamoja na mwezi mmoja wa komisionere (dalali). Wenye nyumba wanasema bila garanti kubwa hawana namna nyingine ya kujenga, na wanasema kweli, kwa kuwa banki haikopeshi kwa miaka 15. Ila uzito huo umewekwa juu ya bega lisilofaa. Anayeombwa miezi sita ana haki ya kwenda kwanza kwenye huduma ya habitat ya komini kwa usuluhishi. Na kwa anayelinganisha kupanga na kujenga: miezi mitatu ya ziada unayodaiwa ingetosha mara nyingi kuanzisha dosie yako kwa kadastre.

Je, serikali ingeweka tu kikomo cha riba?

Swali hili linarudi kila mara, na majirani wamekwisha kulijaribu. Zambia, hapo tu baada ya Kasumbalesa, iliweka kikomo kwa banki Januari 2013 na kukiondoa Novemba 2015. Kenya iliweka chake Septemba 2016, asilimia nne juu ya riba ya banki kuu, na ikakifuta Novemba 2019, baada ya banki kuwaacha wafanyabiashara wadogo na kuikopesha serikali, ambako hakuna hofu ya kutolipwa. Afrika Magharibi ya faranga ya CFA inaendelea na kikomo cha asilimia 15 kwa banki na 24 kwa mikrofinansi, lakini kule sarafu yao imefungwa kwa yuro. Kwetu, kwa dola hizi na kwa sertifika chache hizi, naogopa kikomo kingemsukuma yule mama wa soko moja kwa moja kwa banki Lambert. Ningependa zaidi serikali ipunguze bei na miezi ya kupata sertifika. Hapo riba ingeshuka bila kuamriwa.

Basi nani aende wapi

Mwenye mshahara unaopita banki na sertifika safi: banki, kwa sarafu ya mshahara wake, na ipoteke iwe kwa kazi kubwa tu, kama kununua nyumba iliyokwisha. Asiweke ipoteke nyumba ya dola 40,000 kwa mkopo wa dola 3,000.

Mwenye biashara na fishi ya komini: koperative yenye kibali. Na hapa nina msimamo ambao wengi hawaupendi. Mkopo wa kwanza usiende kwenye mabati. Uende kwenye kadastre: kupima, kontra, hatua zote mpaka sertifika. Nyumba isiyo na paa inaweza kungoja msimu mmoja wa mvua. Lakini nyumba yenye paa juu ya karatasi dhaifu itakufunga kwenye mikopo midogo ya riba kubwa maisha yako yote, na siku mwingine akija na sertifika ya parseli ile ile, paa halitakutetea.

Mwenye kazi ya kibarua, mapato ya leo kuwapo kesho kutokuwapo: likelemba na akiba, deni la nyumba bado. Mkopeshaji wa mtaani simpendekezi kwa yeyote kati ya hawa.

Kwa atakayekuwa ameweka ipoteke, kuna hatua ya mwisho ambayo banki haitakukumbusha kwa haraka. Siku umelipa awamu ya mwisho, omba barua ya kuthibitisha deni limekwisha pamoja na hati ya kuondoa ipoteke, uipeleke mwenyewe kwa konservatere, na usitoke pale mpaka uone andiko limefutwa kwenye sertifika na kwenye kitabu chake. Lisipofutwa, atakayetaka kununua, au wanao watakapotaka kugawana urithi, wataikuta nyumba bado imefungwa kwa deni ulilokwisha kulipa.